Satini zilifanana dukani, nje zikaachana: taa inabadilishaje rangi?

Kuna dada kaniandikia kutoka Morogoro, anasimamia sare za harusi ya mdogo wake na kamati imechagua satini ya zambarau. Mita za kwanza alinunua Kariakoo, zikapungua, wiki iliyofuata akarudi Dar na kipande mkononi, akaingia duka lingine saa moja usiku, wakalinganisha pale kaunta chini ya taa na zikafanana kabisa, hata muuzaji akashindwa kusema ipi ni ipi. Asubuhi kazitoa uani, moja inavuta bluu, nyingine inavuta wekundu. Kupiga simu dukani anaambiwa "ni taa tu hiyo dada". Sasa anauliza, ni kweli taa inaweza kubadili rangi ya kitambaa au kapigwa? Na mwanga si ni mwanga tu, wa jua na wa taa una tofauti gani?

Dada yangu, pole sana, najua presha ya sare ilivyo. Muuzaji hajakudanganya, ila kakupa robo ya jibu. Mimi nilifundisha fizikia sekondari kabla sijahamia kiwanda cha vitambaa kitengo cha kulinganisha rangi, kwa hiyo hili swali lako ndo linalonilisha, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu ukilielewa hutapigwa tena na taa ya duka lolote.

Anzia hapa: satini haina mwanga wake. Kinachofanya rangi iliyotiwa kwenye uzi ni kuchagua, mwanga unaifikia, inameza sehemu fulani na kurudisha sehemu nyingine, na ile iliyorudishwa ndo inaingia jichoni mwako unaiita zambarau. Hili la kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye kitu unakuja jichoni, na sio jicho kurusha miale kwenye kitu kama walivyoamini watu wengi wa kale, alilifafanua vizuri kabisa Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo karne ya 11. Sasa kama rangi kazi yake ni kuchagua, ina maana inachagua kwenye kile kilicholetwa. Ukimtuma mtu sokoni na siku hiyo nyanya hazijashuka, harudi na nyanya hata awe hodari vipi, na kitambaa nacho hakiwezi kurudisha wekundu ambao taa haikuuleta.

Mwanga wenyewe ni nini? Ni mawimbi ya sumakuumeme, ndugu moja na mawimbi ya redio na yale ya simu, tofauti yao ni urefu wa wimbi. Yanayoonekana na jicho yanaanzia kama nanomita 400 upande wa urujuani hadi 700 hivi upande wa wekundu, na nanomita moja ni milimita moja uigawe mara milioni, yaani ni vitu vidogo kupita kiasi. Katikati humo kuna bluu, kijani, njano, chungwa. Chini ya 400 kuna ultravayoleti, juu ya 700 kuna infraredi, jicho haliyaoni lakini yapo. Chukua rimoti ya tivii, elekeza ile taa yake ndogo ya mbele kwenye kamera ya simu (kamera ya selfi mara nyingi inafanya vizuri zaidi), bonyeza kitufe, utaona kwenye skrini inawaka kama weupe wa zambarau na wewe kwa macho yako huoni chochote. Ule ni infraredi.

Mwendo wake ni kilomita 299,792 kwa sekunde, tunazoea kusema laki tatu. Na kuna jambo la ajabu ambalo Einstein alilileta mwaka 1905, kwamba huo mwanga pamoja na kuwa wimbi unatolewa na kupokelewa kwa vifurushi vidogo, leo tunaviita fotoni, na kila kifurushi cha bluu kina nguvu kuliko cha nyekundu. Hicho kishike, kitatusaidia mbele kwenye LED na kwenye mashati meupe.

Sasa vyanzo, na hapa ndo kesi yako ilipo, kwa sababu kila chanzo kinatengeneza mwanga kwa njia yake na njia hiyo inaamua rangi zipi ziwemo na zipi zisiwemo.

Jua linawaka kwa joto. Ndani kabisa kwenye kiini, joto la kama nyuzi milioni 15, haidrojeni inaungana kuwa heliamu, nguvu ile inahangaika maelfu na maelfu ya miaka mpaka ifike juu kwenye uso wenye nyuzi kama 5,500, alafu ikishaachiwa pale inafika kwetu kwa dakika nane na sekunde kama 20 tu. Kitu chochote kilichopata moto namna hiyo kinatoa mawimbi ya aina zote mfululizo bila kuruka, na ndo maana mwanga wa jua umejaa, una kila rangi. Newton alipoupitisha kwenye kioo cha pembe tatu miaka ya 1660 zikatoka rangi zote, na matone ya mvua yanafanya kazi hiyo hiyo ukiona upinde. Na ule mwanga unabeba habari za kule ulikotoka: mwaka 1868 wanaastronomia waliona kwenye mwanga wa jua mstari wa njano usiolingana na kitu chochote kilichojulikana duniani, wakasema kuna dutu mpya kule, wakaiita heliamu, na hapa duniani haikupatikana hadi 1895. Yaani waliijua kwa mwanga peke yake, kabla ya mtu yeyote kuishika. Mimi hiki kisa huwa kinanigusa kila nikikieleza.

Mwezi hauna mwanga wake, unarudisha wa jua kidogo tu, kama asilimia 12. Vimulimuli wao wanatumia kemia, dutu fulani tumboni inakutana na oksijeni na mwanga unatoka karibu bila joto, na ukiwa pwani usiku wa giza ukachovya mkono baharini maji yakametameta, ni viumbe wadogo wanaofanya kemia ya namna hiyo hiyo. Hivyo tuviache, havihusiani na satini.

Moto wa kibatari, chemli, mshumaa, huo ni wa joto kama jua ila joto lake ni dogo. Ile njano ya mwali ni chembe za masizi zilizopata moto zikawaka. Shika kijiko juu ya mwali sekunde chache, kinatoka cheusi, na zile nyeusi ndo zilikuwa zinakuangazia. Karabai wakaiboresha kwa kile kifuko cheupe kinachowaka kwa joto la mafuta yenye presha, kinatoa mwanga mweupe na mkali kuliko masizi, ndo maana wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria waliitegemea miaka mingi kabla wengi hawajahamia kwenye taa za betri. Na balbu ya waya, iliyoanza na kina Edison na Swan wakitumia kaboni, baadaye ikawa ya waya wa tungsteni unaofika nyuzi kama 2,400, na sehemu kubwa sana ya umeme wake inaishia kwenye infraredi, yaani unalipia joto, kinachobaki kama mwanga ni kama asilimia tano. Lakini kwa kazi ya rangi balbu ile ni ya heshima, ina rangi zote bila pengo, tatizo lake ni kwamba wekundu umezidi na bluu imepungua kwa sababu haina moto wa kutosha.

Alafu zikaja taa ambazo haziwaki kwa joto, na hapa matatizo ya nguo yakaanza. Ukipitisha umeme kwenye gesi, kila dutu inatoa mawimbi yake maalum tu. Zile taa za barabarani za njano-chungwa ni sodiamu, mwanga wake mwingi umekaa kwenye njano na chungwa, kuzunguka nanomita 589. Umewahi kutafuta gari lako jekundu usiku chini ya taa hizo ukaliona kahawia? Wekundu haukuletwa wa kutosha, basi. Tyubu laiti na enaji seva ndani zina mvuke wa zebaki, unatoa ultravayoleti, ile inagonga unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo na unga ndo unatoa mwanga unaouona. Unga wenyewe ni mchanganyiko wa kama aina tatu, mmoja wa bluu, mmoja kijani, mmoja wekundu wa kuelekea chungwa, jicho likijumlisha linasema nyeupe, lakini katikati ya hizo tatu kuna mashimo.

LED ndo unayokutana nayo kila duka sa hizi. Hakuna waya wala gesi, ni kipande kidogo cha semikondakta, elektroni inashuka kutoka ngazi ya juu ya nguvu kwenda ya chini na ile tofauti inatoka kama fotoni. LED nyekundu ilikuwepo toka 1962, kijani ikafuata, bluu ikawasumbua watu karibu miaka 30 hadi Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wakaifikisha, na ndo wakapewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa nini bluu ilikuwa muhimu hivyo? Kwa sababu fotoni ya bluu ina nguvu kubwa, unaweza kuitumia kuamsha rangi nyingine zenye nguvu ndogo. Balbu nyeupe ya LED ukiitazama ikiwa imezimwa utaona vidoti vya njano, ule ni unga uliopakwa juu ya LED ya bluu. Ikiwashwa, sehemu ya bluu inapenya ilivyo, nyingine inamezwa na ule unga ukatoa njano pana inayogusa kijani na chungwa, bluu na njano vikichanganyika jicho linasema nyeupe. Lakini kati ya bluu na kijani kuna bonde, na wekundu wa mwisho mwisho, wa 650 kwenda juu, kwenye balbu za bei rahisi ni mdogo mno.

Usiniamini kwa maneno, angalia mwenyewe. Tafuta CD ya zamani, subiri usiku, washa taa moja tu, simama mbali nayo kidogo, shika CD upande wa kung'aa na uigeuze pole pole mpaka mkanda wa rangi utokee. Chini ya enaji seva utaona picha za taa zimetengana kabisa, moja ya bluu, moja ya kijani kali, moja ya chungwa, na giza katikati. Chini ya LED utaona bluu nene, kisha panapungua, kisha kijani, njano na chungwa vimeungana, na nyekundu inaisha mapema. Kama kuna mtu mtaani bado ana balbu ya waya ndo utaona mkanda usio na pengo hata moja na nyekundu ndefu. Kwa jua fanya tofauti, funga pazia uache upenyo mwembamba, mwale ugonge CD na rangi uzitazame zikiangukia ukutani. Usilitazame jua kupitia CD wala usitazame jua linavyojirudia kwenye CD, macho hayana spea.

Haya, tuje kwa satini zako mbili. Jicho la mtu halipimi kila wimbi peke yake. Lina aina tatu tu za chembe za kupokea rangi, moja inaegemea bluu, moja kijani, moja upande wa njano na nyekundu, na ubongo unapata namba tatu basi. Kwa hiyo mianga miwili tofauti kabisa kimawimbi, ikitoa namba tatu zilezile, wewe unaona rangi moja. Na viwanda viwili vikitengeneza zambarau, kila kimoja kina mapishi yake, kimoja labda kimetumia rangi moja ya urujuani, kingine kimechanganya bluu na nyekundu. Chini ya LED ya duka lile, vitambaa vyote viwili vikarudisha mwanga wenye jumla ileile. Ulipovitoa nje, jua likaleta kila kitu, pamoja na ule wekundu wa mbali na yale mawimbi ya kwenye bonde ambayo taa haikuwa nayo. Kitambaa kimoja kikaurudisha ule wekundu kwa wingi, kingine kikaumeza, ndo vikaachana. Wote wawili, wewe na muuzaji, mliona sawa pale dukani. Kilichokosea ni kuvilinganisha pale.

Na kwa bahati mbaya kamati yenu imechagua rangi ngumu kuliko zote. Zambarau haina wimbi lake moja kama kijani au njano, inajengwa kwa kushika ncha mbili, bluu huku na nyekundu kule, na kuimeza kijani ya katikati. Ncha hizo mbili ndo mahali ambapo taa zinatofautiana sana. Kiwandani zambarau, kijivu na kaki zikija kulinganishwa hatuzipitishi haraka. Tuna sanduku maalum lililopakwa kijivu ndani, lina swichi za taa mbalimbali, moja inaiga mwanga wa mchana wa 6500K (namba ya weupe wa taa, nitaigusa mbele), moja ni ya tyubu za madukani, moja ni balbu ya waya, nyingine ni ultravayoleti. Unaweka vipande viwili vikigusana, unabadili taa, vikifanana chini ya zote vinapita, vikiachana kwenye moja tunarudi kwenye mapishi.

Ile ya ultravayoleti ni kwa ajili ya nyeupe. Sabuni nyingi za unga na vitambaa vingi vyeupe vina dutu inayomeza ultravayoleti na kutoa bluu, ndo maana shati jeupe juani linawaka kama lina taa ndani, ukiingia nalo chumba chenye LED, ambazo nyingi hazitoi ultravayoleti ya maana, linapoa. Bwana harusi akiwa na shati jeupe jipya na koti la nyeupe ya asili, nje vitaachana vibaya kuliko ukumbini. Mwambieni mapema.

Sasa la kufanya. Kwanza, kabla ya kugombana na mtu, weka vipande viwili juani vielekee upande mmoja, satini ina uelekeo, ukigeuza kimoja robo kinabadilika chenyewe maana nyuzi zake zinang'aa upande. Kama bado vimeachana, basi ni mapishi mawili na hakuna kufua wala kupiga pasi kutakakovisogeza. Nenda kabadilishe upate mita zote kutoka jora moja, au majora yenye namba moja ya loti (yaani yaliyotiwa rangi kwa mkupuo mmoja), namba hiyo mara nyingi iko kwenye karatasi iliyobandikwa mwisho wa jora. Usikubali "hii ni ileile tu dada" bila kuitoa nje mchana, kivulini panatosha, tena kivulini ni bora kuliko jua la utosini ambalo linang'arisha mno.

Wakikataa kubadilisha, usizitupe. Shoneni magauni yote kwa ile yenye mita nyingi, na ile nyingine ifanyeni vilemba, mikanda na tai za wanaume. Zikikaa mbali na kila moja ina kazi yake, watu wanaona mmechagua hivyo makusudi. Kinacholeta aibu ni magauni mawili ya "rangi moja" yakisimama bega kwa bega kwenye picha ya nje. Na mpiga picha asiwaambie atarekebisha kwenye kompyuta, anachoweza kurekebisha kirahisi ni rangi ya picha nzima, akivuta gauni moja liwe sawa anaharibu la pili na ngozi za watu pia.

Ukumbini nako nenda na vipande ukajaribu, tena usiku na taa zao zikiwa zimewaka zote. Zile taa za DJ zinazobadilika rangi nyingi zina LED za bluu, kijani na nyekundu tu, kila moja nyembamba, chini yake hata vitambaa vilivyofanana juani vinaweza kuachana. Waombe meza kuu na sehemu ya kupigia picha zimulikwe na taa nyeupe, na kama mnakodi taa ulizia zilizoandikwa CRI au Ra 90 kwenda juu. Namba hiyo inasema taa inaonyesha rangi kwa uaminifu kiasi gani, 100 ndo kilele, balbu ya waya iko karibu na hapo, LED nyingi za bei ya chini ziko 70 na kitu hadi 80. Usiichanganye na ile ya 3000K au 6500K, hiyo inasema tu weupe wenyewe ni wa njano au wa bluu, taa inaweza kuandikwa 6500K kama mchana na bado isiwe na wekundu wa maana.

Na fundi wako akienda kununua uzi, asiende jioni. Utawaona mafundi wazoefu wakichukua uzi na kipande wanatoka nao mpaka mlangoni kwenye mwanga wa nje kabla hawajalipa. Huyo wa kwenu kama hafanyi hivyo mwambie afanye, uzi usiolingana unaonekana kwenye kila mshono. Ukishapata jibu la duka niandikie, na kama unaweza nitumie picha za vipande vyote viwili, moja umepiga nje kivulini na nyingine ndani chini ya taa, usitumie fleshi, niangalie ni upande upi wa rangi vinaachana.